Sahani zote ziliuzika, mbona tumebaki na 85,000?

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi ni kikundi cha akina mama 22 wa hapa Ujiji. Tunasaidia watoto 14 wenye ulemavu wa viungo wapate nauli ya bajaji kwenda mazoezi Hospitali ya Maweni mara mbili kwa mwezi. Kwenda na kurudi ni 6,000 kwa mtoto. Mwaka jana tulifanya tamasha la chakula ili tupate hela ya nauli. Watu walijaa, tulipika sahani 500 na jioni sufuria zilikuwa tupu. Tuliuza kuponi 420 kwa shilingi 5,000 kila moja, jumla 2,100,000. Tulipomaliza kulipa watu tukabaki na 85,000. Sasa maneno ni mengi, wengine wanasema kuna mtu kala hela. Matumizi yetu ni haya: mahema na viti 350,000, spika na mshereheshaji 250,000, fulana 40 za kamati 400,000, samaki 480,000, mchele, unga wa muhogo, maharage, mawese na mboga 310,000, mkaa na kuni 70,000, usafiri 60,000, sahani na maji 95,000. Hela ilienda wapi? Mwaka huu turudie au tuache? Na mwenyekiti anataka tushone fulana mpya, za kijani.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza niwatoe hofu: kwa hesabu uliyoniletea, hakuna aliyekula hela. Nimejumlisha mara mbili. Matumizi yenu ni 2,015,000, mapato 2,100,000, na kilichobaki ni hiyohiyo 85,000. Mtunza hazina wenu ni mtu safi, mwombeni radhi kabla hamjaendelea kusoma.

Hela iliondoka mchana kweupe, wote mkiitazama.

Twende polepole. Chukua vile vitu vinavyohusu sahani yenyewe: samaki, nafaka na mboga, mkaa, usafiri, sahani na maji. Inakuja 1,015,000. Mlipika sahani 500, kwa hiyo kila sahani iliwagharimu 2,030. Mkiuza kwa 5,000, mnabaki na 2,970. Hiyo ni faida nzuri. Mama ntilie wa Mwanga akiipata kwa sahani moja anaweza kucheka mpaka jioni. Kwa hiyo upande wa jikoni hamna kosa kubwa.

Sasa tazama mahema, spika na fulana. Ni 1,000,000 kamili. Gawanya kwa faida ya sahani moja, unapata sahani 337. Maana yake, watu 337 wa kwanza waliokaa kwenye viti vyenu siku ile hawakumchangia mtoto yeyote. Walilipia viti walivyokalia, muziki uliowapigia kelele na fulana mlizovaa. Waliobaki ni 83. Hao walileta kama 247,000 hivi. Kisha zipo sahani 80 zilizoliwa bila kuponi, maana mlipika 500 mkauza 420. Kwa gharama ya 2,030 kila moja, hiyo ni 162,400 imetoka tena. Ndiyo ikabaki 85,000. Ukiigawa kwa nauli ya 6,000 unapata safari 14. Kila mtoto alikwenda Maweni mara moja, tamasha likaishia hapo.

Hizo sahani 80 naweza kukuandikia walizila kina nani bila kuuliza. Kamati na watoto wao. Mgeni rasmi na aliofuatana nao. Mshereheshaji, vijana wa spika, dereva, watu wa ofisi ya kata, jamaa wawili watatu waliosimama karibu na sufuria kwa mamlaka ambayo hakuna aliyewapa. Najua kwa sababu nimekaa kwenye kazi ya maendeleo ya jamii zaidi ya miaka ishirini, na sijaona shughuli ya kuchangisha ambayo haikuwa na meza hiyo.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili: rudieni. Lakini mwaka huu mahema, muziki na mavazi yote yasizidi 200,000, na sahani za bure zisizidi 40. Pikeni zilezile 500, uzeni 460. Mapato yatakuwa 2,300,000. Toa 1,015,000 ya chakula, toa 200,000, mnabaki na 1,085,000. Watoto 14 mara mbili kwa mwezi ni 168,000. Mmepata nauli ya miezi sita na chenji, kwa sufuria zilezile na wapishi walewale.

Mahema mtayaepukaje? Kwa kuchagua siku na mahali. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana watu wengi hupanga tarehe kwa kutazama ratiba ya mgeni rasmi, na huko ndiko hasara inakoanzia.

Kwetu Kigoma siku ya shughuli ya samaki huamuliwa na mwezi. Wewe ni mtu wa Ujiji, unajua: dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi hushusha taa, zamani karabai, siku hizi za betri na za sola, dagaa wanakuja kwenye mwanga, na migebuka wanakuja kuwala dagaa. Mbalamwezi ikiwa kamili ziwa zima linang'aa, taa haivuti kitu, mitumbwi inapandishwa mchangani na watu wanashona nyavu. Wiki hiyo bei ya samaki kwenye mwalo wa Kibirizi, wanakoshushia samaki, inapanda kila asubuhi.

Niliwahi kusimamia shughuli ya kuchangia ujenzi wa vyoo vya shule, tukaiweka Jumamosi ambayo mwezi ulikuwa kama sinia. Hakuna aliyetazama juu. Saa kumi na moja alfajiri tuko mwaloni na hela za migebuka 300, tukapata 120 kwa hela hizohizo. Mjumbe mmoja akatatua tatizo kwa kukimbilia samaki wa barafu waliotoka ziwa jingine. Nisingependa kukueleza nyuso za wazee wa Ujiji walipoonja. Mmoja aligeuza kipande kwa kidole, akaniuliza huyu samaki amekuja kwa treni au kwa basi.

Ninyi mna kalenda nzuri kuliko ya ofisini, ile ya mwezi mwandamo. Chagueni Jumamosi inayoangukia kati ya tarehe 24 ya mwezi mmoja na tarehe 6 ya mwezi unaofuata. Epukeni kabisa kuanzia tarehe 11 mpaka 18. Halafu ilinganisheni na kalenda ya mshahara: watumishi wa serikali hupata hela tarehe ishirini na kitu za mwezi wa kawaida, na kuponi ya 5,000 ni nyepesi wiki hiyo, nzito sana wiki mbili baadaye. Zikikutana Jumamosi moja, giza na mshahara, hiyo ndiyo siku yenu. Hazikutani kila mwezi. Kaeni na kalenda mbili mezani mtafute.

Jambo la tatu ni kiangazi. Mvua zetu huanza kunong'ona Oktoba na hazikomi vizuri mpaka Aprili au Mei. Mngesema basi Juni au Julai. Sawa kwa mvua, ila kuna ziwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Kabla ya kutangaza tarehe, pitieni kwa afisa uvuvi muulize ratiba ya mwaka huu. Mimi ningelenga mwisho wa Agosti au Septemba: ziwa limefunguliwa, samaki wamenenepa kidogo, vumbi lipo lakini mvua hakuna. Angalieni tu msigongane na Maulidi, kwa sababu mwezi huo nusu ya wapishi wenu wazuri watakuwa kwenye sufuria nyingine.

Kiangazi kikiwepo, hema la nini? Ujiji ina miembe. Tangu enzi za misafara miembe ya mji huu imekuwa ikiwapa watu kivuli. Hata pale Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871 pana kumbukumbu na miembe yake mpaka leo. Tafuteni uwanja wa shule wenye miti mikubwa, ombeni kwa barua ya adabu, na madawati ya darasani ndiyo viti. Ahidini kuyarudisha yakiwa yamefutwa, na myafute kweli. Mikeka nayo haigharimu kitu: kila mama aje na mmoja. Watu wa Kigoma hawaoni haya kula mkekani. Haya wanayo waandaaji.

Spika na mshereheshaji: 250,000 ni nyingi mno kwa mtu wa kutangaza kwamba chakula kipo, wakati harufu ya mawese imeshatangaza. Kodini spika ndogo ya vijana wa mtaani, na kipaza sauti apewe mmoja wenu mwenye ulimi. Mpo 22, hamkosi.

Kuhusu mgeni rasmi nitasema lisilopendwa. Mwaka huu msiwe naye. Akialikwa saa sita atafika saa tisa, chakula kitasubiri, ugali utakuwa jiwe, na wenye kuponi wataanza kuondoka wakinuna. Kama siasa za mtaa zinawalazimisha, mwalikeni saa nane kwa kazi moja tu: kusimamia mnada. Wakristo wa hapa wanaijua kazi hii kwenye sikukuu ya mavuno. Mnatafuta kuhe mmoja mkubwa, au sangara, aliyechangwa na wavuvi, anakaangwa mzima, anawekwa kwenye sinia na ndimu mdomoni, mnamnadi. Mgeni rasmi huanza yeye, na hawezi kuanza na elfu mbili mbele ya watu. Nimeona samaki mmoja akiuzwa mara tatu, kwa sababu mnunuzi wa kwanza na wa pili walimrudisha mezani anadiwe tena. Mgeni rasmi naye anunue kuponi yake kama wengine. Mtu wa ofisi akishalipa 5,000 mbele ya macho ya watu, wanaomfuata hawawezi kula bure.

Sasa kuponi. Hili ndilo litakalozima maneno ya nani kala.

Mpishi asishike hela. Asishike kabisa, hata ya mtu anayejua jina la mama yake. Pawe na meza moja ya kuuzia kuponi mlangoni, wawili wamekaa, mmoja anapokea na mwingine anakata. Kuponi zichapwe kwenye duka la steshenari zikiwa na namba za mfululizo na kishina, kisha zigongwe muhuri wa kikundi. Rangi mbili: ya mkubwa 5,000, ya mtoto 2,500 kwa sahani ndogo. Wapishi wanapokea kuponi, wanazichana katikati na kuzitumbukiza kwenye ndoo. Jioni mnahesabu vitu vitatu: vishina, hela, na vipande vilivyomo kwenye ndoo. Vikigongana, mnajua tatizo liko meza gani. Kama vishina ni 460 na ndoo ina 455, kuna watu watano walinunua hawakula, hiyo ni baraka. Kama ndoo ina 455 na sufuria zilizotoka ni za watu 500, mmeshajua sahani 45 zilipitia dirishani.

Na hizo 40 za bure mlizojipangia zipeni kuponi nazo, rangi ya tatu, zenye majina. Kila mpishi na kila mbeba maji apate yake. Zikiisha zimeisha. Mwanakamati anayetaka kulisha wajomba anunue.

Wengi siku hizi hawatembei na noti. Fungueni lipa namba kwa jina la kikundi. Nasisitiza, jina la kikundi. Namba ya simu ya mwenyekiti au ya mwanawe isitumike, hata kama ni "kwa leo tu". Kikundi kimoja nilichokishauri kilipokea nusu ya michango kwenye simu ya kiongozi wake. Mama yule hakuwa mwizi. Alikuwa na mkopo wa songesha, na kila hela iliyoingia mtandao ukaikata kulipa deni lake. Ilichukua miezi minne kuirudisha, na kikundi hakikurudi kuwa kilekile.

Muhimu zaidi, kuponi ziuzwe kabla. Mwaka jana mlipika 500 mkiomba Mungu watu waje. Walikuja, mshukuruni, lakini msimjaribu tena. Anzeni kuuza wiki tatu kabla. Kila mama apewe kijitabu cha kuponi 20 na asaini kukichukua. Mama 22 ni kuponi 440, karibu mzigo wote. Nendeni maofisini, bandarini, stesheni, kwa wenye maduka ya Soko la Mwanga, kwa walimu, kwa madereva wa bajaji haohao wanaowabeba watoto wenu. Jumatano jioni kusanyeni vijitabu, hesabuni. Zikiwa zimeuzwa 300, pikeni 380. Zikiwa 200, pikeni 270, na msione aibu. Samaki usiyemnunua hajawahi kumtia mtu hasara.

Mnapouza msiseme "tuchangie watoto wenye ulemavu." Kila mtu ameshasikia sentensi hiyo, na mkono hauendi mfukoni. Semeni: sahani mbili zinampeleka mtoto mmoja Maweni na kumrudisha. Hesabu yake ni ya kweli, 2,970 mara mbili inakosa shilingi 60 tu kufika 6,000, na mnunuzi anaweza kuirudia kichwani akiwa kwenye foleni. Mwingine atanunua mbili wakati alikuja kwa moja. Wekeni pia sahani ya mfadhili kwa 20,000. Chakula ni kilekile, kijiko kilekile. Tofauti ni kwamba anapata risiti nzuri na jina lake linaandikwa ubaoni. Utashangaa ni wangapi wanaitaka.

Halafu vitu. Watu wa kwetu wagumu kutoa hela, wepesi kutoa vitu, na sijui kwa nini wenye vikundi wengi hung'ang'ania hela. Mwenye mashine ya kukamua mawese atakupa dumu moja bila kupepesa. Mwenye shamba la muhogo atatoa gunia. Mvuvi atatoa ndoo ya dagaa msimu wa giza kwa sababu siku hiyo anazo. Kila mlichopewa kinashusha ile 2,030. Mkipata mawese, unga, mkaa na nusu ya samaki, nyie pigeni hesabu wenyewe. Ila andikeni kila kilichoingia, kwa kilo au kwa lita, na aliyetoa aone kimeandikwa.

Mnapika nini? Umesema mchele, ugali, maharage, samaki. Ushauri wangu ni kupunguza mchele. Pilau mtu anaipata kila arusi, tena ya bure. Mtu wa mjini atalipa 5,000 bila kuguna akijua atakula mgebuka wa asubuhi ileile, ugali wa muhogo uliosongwa na mtu mzima, maharage ya mawese, na sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa kwenye kinu badala ya kusagwa kwa mashine. Ujiji mna Waha, mna Wamanyema, mna watu wenye bibi upande wa pili wa ziwa na upande wa Burundi. Wapeni wale bibi sufuria moja moja, kila mmoja apike cha kwao. Hiyo ndiyo sababu ya kuiita shughuli tamasha. Vinginevyo ni hoteli ya siku moja.

Angalizo la ugali: wa muhogo ukipoa haufai, unavutika kama mpira. Msiusonge saa nne mkaufunika. Songeni sufuria ndogondogo kila nusu saa kuanzia saa sita, kuponi zikifika mlangoni. Mnahitaji wasongaji wanne wanaopokezana, maana mkono wa mtu una mwisho.

Samaki wanunuliwe Kibirizi au Katonga alfajiri, watumbuliwe, watiwe chumvi, wakaangwe asubuhi hiyohiyo, na wapakuliwe wakiwa wa moto. Kilichokaa zaidi ya saa mbili kikiwa vuguvugu kisiuzwe. Kachumbari ndiyo inayonitisha kuliko samaki: ni mbichi, imeshikwa na mikono mingi, imeoshwa kwa maji ambayo hujui yalikotoka. Mkoa huu unakijua kipindupindu. Mwaka 2015 kule Kagunga tuliona kinachoweza kufanya watu wakijazana na maji yakiwa machafu. Mboga mbichi zioshwe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, ama msiiweke kabisa, ndimu na pilipili zinatosha. Ndoo za koki zenye sabuni ziwe nyingi, walau moja kwa kila watu 50, maana hapa tunakula kwa mkono. Na awepo kijana ambaye kazi yake siku nzima ni kuzijaza tu. Mabeseni ya kuoshea vyombo yawe mbali na pa kulia. Mtu akitaka kubeba chakula aje na bakuli. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na faini yake mtailipa kwa nauli za watoto.

Vibali sitavizungumza sana kwa sababu mmeshapitia. Barua kwa mtendaji wa kata, taarifa polisi mapema, sheria inataka isipungue saa 48 kabla ya mkusanyiko, afisa afya aje aone mahali na wapishi wawe wamepimwa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata apate nakala ya kila kitu. Mwiteni mwanzo. Akiitwa mwisho huja na maswali.

Kuna kitu hamkukifanya mwaka jana kinachonisikitisha zaidi kuliko fulana. Hamkuwa na meza ya vitu vya kubeba. Wageni wangapi hutoka Kigoma bila dagaa kwenye begi? Dagaa wa ziwa letu wana jina nchi nzima. Wekeni meza moja karibu na mlango wa kutokea: dagaa waliokaushwa kichanjani (wa mchangani wanasaga meno, wateja wanajua), mawese kwenye chupa, chumvi ya Uvinza, kahawa ya Kalinzi, asali. Dagaa wanunuliwe miezi kabla, wakati wa giza, bei ikiwa chini, wafungwe robo kilo robo kilo kwenye karatasi. Havioziki, havihitaji mkaa, na kisichouzwa Jumamosi kinauzwa Jumatatu stesheni. Wekeni mama wawili wenye maneno matamu. Sitashangaa meza hiyo ikileta robo ya faida yenu yote.

Hesabu ifungwe usiku uleule, kabla mtu hajaenda kulala na begi la hela. Wahesabu wawe watatu, mmoja asiwe mwanakikundi; mzazi wa mmoja wa wale watoto anafaa sana. Asubuhi ya Jumatatu hela iende benki, na ndani ya siku saba bandikeni karatasi kwenye ubao wa serikali ya mtaa: tulipika ngapi, tuliuza ngapi, tulitumia nini, imebaki ngapi, itapeleka watoto Maweni mpaka mwezi gani. Sahani za bure nazo ziandikwe, na majina. Hiyo ndiyo dawa ya maneno mengi uliyonieleza. Na kila mwisho wa mwezi ongezeni mstari mmoja chini: safari 28, 168,000, salio kadhaa. Mwakani mkipita na vijitabu vya kuponi, wanunuzi watakuwa wameshausoma.

Limebaki la mwenyekiti. Fulana 40 za kijani kwa bei ya mwaka jana ni sahani 135 za faida, ambazo ni zaidi ya safari 66 za bajaji. Mwambie hivyo kwa upole, mbele ya mtunza hazina. Za mwaka jana bado zipo, zifueni. Kama zimeandikwa mwaka mgongoni, jifungeni kanga juu yake, mpishi hata hivyo anatakiwa kujifunga kanga.